Koki ya Vidole Viwili

Fundi akimaliza kutengeneza koki ya tangi la maji ya mvua, wengi wetu tunaangalia jambo moja: bado inadondosha? Ikikauka, tunalipa. Mimi siku hizi sina haraka ya kutia mkono mfukoni. Hata koki mbovu huweza kunyamaza ukiikaza kwa nguvu. Mjuzi anauliza imenyamaza kwa nguvu kiasi gani. Iliyotengenezwa sawasawa hufungwa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, na tone la mwisho hukatika papo hapo.

Maji ya mvua hayaletewi bili, ndiyo maana tone lake hudharauliwa. Hebu tupige hesabu. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, karibu lita 130 kwa mwezi: ndoo sita kubwa na nusu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Kwa hiyo nyumba yenye bati la mita za mraba 40 imepoteza mvua ya milimita 3 na ushei, mvua iliyokwisha kuvunwa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vilevile.

Kabla ya spana

Msikilize fundi kwanza. Mzuri huanza kwa kuuliza koki inavuja wapi, kwa sababu kila mahali pana ugonjwa wake. Ikidondosha mdomoni ilhali imefungwa, mgonjwa ni washa, ule mpira wa ndani, au kikalio cha shaba ambacho washa hukikalia. Ikivuja shingoni, chini ya mpini, wakati maji yamefunguliwa, nati ya juu imelegea au ufungio wake umeliwa. Ikilowa kiunoni, pale inapoingia kwenye tangi, tatizo ni hesi au raba ya konekta. Anayesema "hii ni ya kutupa" kabla hajaigusa amekuja kuuza koki.

Washa na kikalio chake

Mzee mmoja alinifungulia koki ya nyumbani, akatoa washa, akaifuta kwa shati lake na kuiweka kiganjani mwangu. Katikati ilikuwa na duara la kina, kama alama ya kizibo kwenye mkate. "Hii haijachakaa, mwanangu," alisema. "Imekatwa. Nani hapa nyumbani ana mkono mzito?" Nyumba nzima ikanitazama mimi. Nilikuwa nakaza kila inapodondosha, na kila nilipokaza niliukata mpira zaidi.

Kisha akaingiza ncha ya kidole kidogo ndani ya koki na kuizungusha taratibu juu ya kile kikalio. Hapo ndipo utamjua bingwa. Mchanga na vumbi la bati huteremka na mvua, vikabanwa chini ya washa na kuchora shaba. Washa mpya juu ya kikalio kilichochimbika ni godoro jipya juu ya kitanda kilichovunjika chaga: utalala vizuri siku mbili. Bingwa hukisawazisha kwanza, au hukwambia waziwazi kwamba koki hiyo imefika mwisho.

Washa ya kukatwa kwenye ndala au tyubu ya baiskeli si dhambi, kama duka limefungwa na maji yanakwenda. Ila ni dawa ya usiku mmoja. Ndala hubonyea, na kila siku utazungusha mpini zaidi kidogo hadi urudi kwenye mkono mzito.

Tepu, katani na spana mbili

Tazama anavyofunga tepu nyeupe. Hesi zikimwelekea yeye, lazima izunguke kwa mwendo wa mishale ya saa, ili kukaza koki kuibane badala ya kuikunjua. Hesi ya kwanza huachwa wazi, vipande visiingie kwenye maji. Ukiona tepu imetokeza kama kola ya shati kuukuu, ujue inaficha hesi zisizolingana. Katani ni nzuri kwenye chuma kwa chuma. Kwenye konekta ya plastiki iogope, kwa kuwa huvimba ikilowa na inaweza kupasua.

Jambo ambalo mimi hulitazama kuliko yote ni hili: fundi ameshika spana ngapi? Moja huzungusha koki, ya pili hushikilia konekta isizunguke nayo. Mwenye spana moja huponya tone na kulegeza raba, na juma la pili ukuta wa tangi unaanza kutoa jasho. Kwenye tangi la saruji ni hatari zaidi, maana bomba lililozikwa ndani ya lipu likizungushwa huacha ufa. Mwishoni ichunguze shaba. Alama za meno ya koleo ni sahihi ya mtu asiyekuwa na spana ya saizi yake.

Kama koki mpya haikwepeki

Ifungue yote uitazame kwenye mwanga. Tangi halina msukumo wa bomba la mtaa: maji ya kimo cha mita 10 ndiyo hutoa baa 1 hivi, na tangi lako la mita 2 lina sehemu ya tano yake tu. Tundu likiwa jembamba, ndoo itajaa kwa uvivu. Ipime kwa sumaku pia. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa ung'aavu, na kutu iko njiani. Isiponasa, bado ipime uzito kiganjani, kwani shaba haiwi nyepesi.

Hukumu

Matengenezo mengi hufanywa kiangazi, maji yakiwa kifundoni mwa tangi. Koki iliyokauka wakati huo haijajibu lolote, kwa kuwa hakuna kinachoisukuma. Mlipe fundi haki yake, kisha subiri masika. Asubuhi ambayo tangi limefurika hadi juu, toka nje, fungua maji, yafunge kwa vidole viwili, upitishe kiganja chini ya mdomo wa koki. Kikibaki kikavu, itunze namba yake ya simu.