Makumbusho Yanakumbusha Nini? Kasri la Unguja Likisomwa Kutoka Kasenyi

Neno "makumbusho" halitokani na kuhifadhi wala na hazina. Linatokana na kitenzi "kumbuka" kilichotiwa katika kauli ya kusababisha, "kumbusha". Nyumba inayobeba jina hilo imejitwika kazi: yupo anayekumbusha, yupo anayekumbushwa, na lipo jambo linaloweza kusahauliwa. Makala haya yanatumia maana hiyo kama kipimo cha kuhakiki Makumbusho ya Kasri katika Mji Mkongwe wa Unguja, yaani jumba la masultani lililopewa jina la wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 na kugeuzwa makumbusho mwaka 1994. Msomaji anayezingatiwa ni mtu wa Kasenyi, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, mashariki ya Bunia. Huyu hana nasaba na masultani, lakini anasema Kiswahili, na lugha hiyo haikufika ziwani bila sababu.

Kwanza fani. Maonyesho yalipangwa kwa ghorofa tatu. Ya chini ilieleza miaka ya 1828 hadi 1870, pamoja na mikataba ya biashara na Marekani (1833), Uingereza (1839) na Ufaransa (1844), na kumbukumbu za Sayyida Salme. Ya pili ilieleza miaka ya neema, 1870 hadi 1896, maji ya bomba na umeme vilipoingia. Ya juu ilikuwa makazi ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, na wake zake wawili, ambao samani zao zilidhihirisha ladha mbalimbali. Hapo ndipo maonyesho yalipofaulu zaidi. Mgeni aliyepanda akitarajia dhahabu alikuta vyumba vya kawaida, naye mfalme akaonekana kuwa mtu mwenye kabati na kitanda.

Kuhusu Salme, pana jambo la kuangaliwa. Binti huyu wa Sayyid Said aliondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Beit al-Sahel aliyoieleza iliteketea kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jumba la sasa lilijengwa baadaye. Kwa hiyo mgeni alisoma habari za Salme ndani ya kuta zisizomjua. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa kila ujenzi upya ni aina ya tafsiri. Kosa huzuka tafsiri inapojifanya kuwa ndiyo matini asilia.

Sasa maudhui. Swali la msingi ni hili: neema ya ghorofa ya pili ilitoka wapi? Karafuu ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni pembe za ndovu. Mwezi wa Februari 1887, katika utawala wa Barghash, Stanley aliajiri Unguja watu zaidi ya 600, akazunguka nao hadi mto Kongo, akavuka msitu wa Ituri na kufika Ziwa Albert mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Msituni walikuta kambi za wawindaji wa pembe, za Ugarrowwa na Kilonga-Longa, na vijiji vilivyokwisha kuharibiwa. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliteuliwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II. Pembe zilizofika pwani zilinunuliwa na Wamarekani, miongoni mwa wengine, na huko Connecticut zikachongwa kuwa vibonye vya piano.

Kwa lugha ya sarufi, mkataba wa 1833 na kijiji kilichochomwa Ituri ni sehemu za sentensi moja. Maonyesho yaliyopangwa kwa kufuata enzi za watawala humtaja mtenda na kumwacha mtendwa. Hata Kiswahili cha Ituri ni ushahidi wa kadhia hiyo. Kiliitwa Kingwana, jina lenye asili katika neno "mwungwana", mtu huru asiye mtumwa, ingawa wengi waliokieneza kambini walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Jina hilo moja lina historia ya kutosha kujaza chumba kizima.

Huenda mtu akapinga kwamba habari za utumwa zina mahali pake Mkunazini, kwenye soko lililofungwa mwaka 1873, ambapo kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Kutoka kasri hadi Mkunazini ni mwendo wa miguu tu. Mambo yakigawanywa katika nyumba mbili, mgeni huweza kustaajabia nyumba moja na kusikitika katika nyingine, asitambue kwamba ziliishi kwa mfuko mmoja.

Suala hili si la nadharia tupu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jirani wa kasri, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Tangu hapo mjadala umehusu zaidi kuta, mawe na chokaa. Ni haki, kwa maana maisha ya watu yalipotea. Hata hivyo, anayejenga upya jumba la kifalme hana budi kuamua pia maandishi yatakayobandikwa ukutani. Ramani ya njia za pembe hadi Manyema na Ituri ingefaa, pamoja na maelezo ya Kiswahili yenye kutaja vijiji na wapagazi. Ingefaa pia nafasi ya tawasifu ya Tippu Tip, aliyoisimulia kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Mtu wa Kasenyi akiingia humo, ataona kwamba babu zake walilipia sehemu ya samani zile, na jina "makumbusho" litakuwa limepata haki yake.