Hati Safi si Hati ya Usafi: Uhakiki wa Istilahi za Ukaguzi wa Hesabu za Umma

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yatosha kuwa dibaji ya sayansi nzima ya ukaguzi wa hesabu, nayo imesemwa kwa maneno ambayo hayamhitaji mfasiri. Ni bahati mbaya kwamba lugha ya ukaguzi wenyewe, kama tunavyoisoma katika taarifa, nyaraka za ofisi na magazeti, haikufuata mfano huo. Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi chache tu za uwanja huu, kuonyesha zipi zimefaulu na zipi zinapotosha, na kutoa mapendekezo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kila mwaka, kabla ya Machi kwisha, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais taarifa zake, na mwezi wa Aprili taarifa hizo hufikishwa Bungeni. Tena, tangu enzi za fikra za kikoloni kuhusu lugha za wenyeji tumekwenda mbali: mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Istilahi itakayokosewa leo itaingia katika sheria kesho, na kuing'oa humo itakuwa kazi kubwa.

Kipimo chetu kitakuwa mkazi wa Magindu. Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, kando ya Reli ya Kati. Tumeichagua kwa sababu huko, miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, Kiswahili ni lugha ya kila siku, bega kwa bega na lugha za asili. Istilahi ikishindwa kueleweka Magindu, hatuwezi kusingizia kwamba msikilizaji hajui Kiswahili. Kosa litakuwa la istilahi. Pia mkazi huyo si mtazamaji. Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, mahali ambapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Fedha zinazokaguliwa ni zake.

1. Jina la cheo

Tuanze na istilahi iliyofaulu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 143, inataja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wako wanaoliona jina hili refu mno na wanaosema tu "Mkaguzi Mkuu". Kufupisha huku kunapoteza nusu ya kazi. Mdhibiti hutazama fedha kabla hazijatoka: huhakikisha kwamba malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali yameidhinishwa. Mkaguzi hutazama fedha baada ya kutumika. Wenzetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, wamezitenga kazi hizi mbili na kuwapa maofisa wawili tofauti. Kwetu zimo mkononi mwa mtu mmoja, na maneno mawili ya jina lake yanasema hivyo kwa usahihi.

Tahadhari moja tu yahitajika. Kudhibiti ni kushika barabara, kuzuia kitu kisitoke nje ya mipaka. Kuthibitisha ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Mtu anayeandika "mthibiti" kwa cheo hiki hakukosea herufi tu, bali amebadili kazi.

2. Hati

Hapa ndipo upotoshaji unapoanza. Mkaguzi akimaliza kazi hutoa maoni, nayo ni ya aina nne. Anaweza kusema kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Anaweza kusema hivyo, isipokuwa kwa mambo fulani anayoyataja. Anaweza kusema kwamba hesabu zina makosa makubwa yaliyoenea kiasi kwamba haziaminiki. Na anaweza kusema kwamba hakupata ushahidi wa kutosha, hivyo hawezi kutoa maoni yoyote.

Katika Kiswahili maoni haya yamepewa jina la "hati": hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, hati mbaya. Magazeti yamezipunguza zaidi yakapata mbili tu: hati safi na hati chafu.

Neno "hati" lina kosa la kwanza. Kwa mkazi wa Magindu hati ni karatasi anayopewa mtu akaimiliki: hati ya kiwanja, hati ya nyumba. Akisikia kwamba halmashauri "imepata hati safi", huelewa kwamba imetunukiwa kitu, kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Maoni ni kauli ya mkaguzi, wala si mali ya mkaguliwa.

Neno "safi" lina kosa kubwa zaidi. Usafi katika Kiswahili ni wa mwili, wa nguo na wa moyo. Mtu safi ni mtu asiye mwizi. Lakini maoni ya aina ya kwanza hayasemi kwamba hakuna aliyeiba. Yanasema tu kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa ipasavyo. Kisima kilichochimbwa kwa bei maradufu, kikalipwa kwa nyaraka kamili na kuingizwa daftarini kwa tarakimu sahihi, chaweza kumo ndani ya hesabu zilizopata "hati safi". Kama kisima kile kilistahili bei ile ni suala la ukaguzi wa ufanisi au ukaguzi maalumu, nao huandikiwa taarifa nyingine. Kwa hiyo mwanakijiji aliyekunywa maji ya bwawa mwaka mzima akisikia kwamba halmashauri ni safi, huamua moja kati ya mawili: mkaguzi ni mwongo, au yeye mwenyewe hana haki ya kulalamika. Yote mawili ni makosa, na yametoka katika kivumishi kimoja.

"Hati chafu" nayo inachanganya mambo mawili yasiyolingana. Mkaguzi aliyeona kwamba hesabu ni za uongo anajua jambo. Mkaguzi aliyenyimwa stakabadhi na hati za malipo hajui jambo. Kuwaita wote wawili kwa jina moja ni sawa na daktari kutumia neno moja kwa mgonjwa aliyepatikana na ugonjwa na kwa mgonjwa aliyekataa kupimwa.

3. Hoja

Mkaguzi akikuta kasoro huandika "hoja ya ukaguzi". Neno ni zuri, la asili na fupi. Tatizo limo katika vitenzi vinavyoliandama. Hoja katika Kiswahili ni ya mjadala: hutolewa, hujibiwa, hupanguliwa. Basi imekuwa desturi kusema kwamba hoja kadhaa "zimejibiwa" na nyingine "zimefungwa", na msikilizaji akaridhika. Lakini fedha za masurufu ambazo hazijarejeshwa hazirudi kwa kujibiwa. Hurudi kwa kulipwa. Hoja yaweza kujibiwa kwa ufasaha mkubwa na sanduku likabaki tupu.

Tungeshauri kwamba kila taarifa isomwayo mbele ya baraza la madiwani au mkutano wa kijiji itenge makundi mawili: hoja zilizojibiwa na hoja zilizotekelezwa. Kitenzi "kufunga" kiachwe, kwa kuwa hakisemi ni nini kilichotendeka.

4. Udhaifu

Wasomaji watakumbuka kwamba neno hili lilizua mgogoro wa kitaifa. Mwishoni mwa mwaka 2018 aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kuhusu taarifa zisizofanyiwa kazi, naye akasema kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliliona neno hilo kuwa dharau. Januari 2019 Profesa Assad aliitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Yeye alijitetea kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika lugha ya wakaguzi.

Hatuandiki kuamua kesi hiyo. Lakini kwa mtazamo wa lugha, kila upande ulishika ukweli mmoja. Ni kweli kwamba taarifa za ukaguzi zimejaa neno hili. Ila humo huandikwa "udhaifu katika mfumo wa udhibiti wa ndani", "udhaifu katika ukusanyaji wa mapato": kasoro ina mahali pake, kama ufa katika ukuta. Likiunganishwa kwa "wa" na jina la chombo au la mtu, sikio la Mswahili halisikii tena ufa. Linasikia sifa ya ukuta wote. Udhaifu wa mtu ni tabia yake au maradhi yake.

Je, neno liachwe? Hasha. Kama ukaguzi ukikosa neno la kutaja kasoro, umekosa kazi. Wanaopendekeza maneno laini, kama vile "changamoto", wanalipeleka jambo mahali pabaya zaidi, kwa kuwa changamoto haina mwenyewe. Humpata mtu kama mvua. Tunashikilia "udhaifu katika", na pale panapotosha, "upungufu" na "kasoro".

5. Uwajibikaji na masuuli

Neno "uwajibikaji" limekubalika, lakini maana yake imehama. Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, na Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, umma ulisema kwamba wamewajibika. Leo kuwajibika ni kujiuzulu, na kumwajibisha mtu ni kumfukuza. Adhabu imekalia kiti cha maelezo. Kumbe kiini cha dhana hii ni kitangulizi cha yote hayo: kusimama mbele ya mwenye mali na kumweleza zilivyokwenda. Kiswahili kina usemi wake wa zamani, nao ni "kutoa hesabu". Mtu aweza kufukuzwa bila kutoa hesabu, na hapo aliyepoteza ni mwenye mali.

La kustaajabisha ni kwamba sheria zetu zinalo neno linalobeba maana hiyohiyo. Mtendaji mkuu wa fungu la fedha huitwa Afisa Masuuli. Katika halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Masuuli ni neno la Kiarabu lenye asili moja na "swali": masuuli ni mtu wa kuulizwa. Haijapata kutungwa istilahi bora kwa cheo hicho. Lakini kwa kuwa hakuna anayeieleza, husikika Magindu kama heshima nyingine ya kiofisi. Walimu wangeweza kuifafanua kwa dakika moja ubaoni, na mwanafunzi angekwenda nyumbani akijua ni nani wa kuulizwa.

6. Mapendekezo

Kwanza, "maoni ya ukaguzi" yachukue nafasi ya "hati", na aina zake nne zisemwe waziwazi: hesabu zinaaminika, hesabu zinaaminika isipokuwa katika mambo yaliyotajwa, hesabu haziaminiki, mkaguzi amekosa ushahidi. Pili, "safi" na "chafu" ziachwe kabisa katika maandishi ya serikali. Tatu, hoja zilizojibiwa zitengwe na zilizotekelezwa. Nne, udhaifu utajwe pamoja na mahali ulipo. Tano, "kutoa hesabu" kutumike kila inapokusudiwa maelezo, na "kuwajibishwa" kubaki kwa hatua zinazofuata.

Yamkini wako watakaosema kwamba maneno haya ni marefu kuliko "hati safi". Ni kweli. Tunawakaribisha walete mafupi zaidi, kwa sharti moja: wayasome kwanza kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, kisha wawaulize wasikilizaji wameelewa nini.