Boliti Nzuri Hujulikana Begani

Mwenye Mercedes-Benz W123 anaponunua rimu za aloi huzikagua kwa makini, kama zina ufa, zimepinda au zimepakwa rangi kuficha ulikaji. Kisha huchukua boliti zozote zinazoingia. Hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika.

Boliti ya gurudumu kazi yake ni kubana. Inapokazwa huvutika kidogo sana, na mvuto huo huligandamiza rimu kwenye habu mpaka msuguano wa nyuso mbili ubebe uzito, breki na kona. Kwa hiyo boliti, pamoja na spesa, yaani bamba linalowekwa kati ya habu na rimu, nazihukumu kwa swali moja: mbano huo utadumu?

Anza na bega, pale chini ya kichwa panapokaa kwenye tundu la rimu. Boliti ya W123 ina meno ya M12 x 1.5 na bega la duara, kama kipande cha mpira, lenye nusu kipenyo cha milimita 12. Boliti ya BMW E30 ina meno yaleyale, ila bega lake ni la pia, digrii 60. Zikibadilishana, zote zitaingia na zote zitakaza, na mkono hautahisi kasoro. Lakini bega litakuwa limegusa aloi kwa mstari mwembamba tu. Mstari huo utajichimbia, na mbano utapotea gari likiwa barabarani. Paka bega wino, kaza taratibu, fungua, utazame: alama iwe pana na izunguke tundu lote. Na uchague kwa kufuata tundu la rimu, si jina la gari, kwa sababu rimu nyingi zisizo za kiwandani zina matundu ya pia hata kama zimetengenezewa Mercedes.

Kichwani tafuta namba 10.9 na alama ya mtengenezaji. Namba hiyo humaanisha chuma kinachohimili takriban megapaskali 1000 kabla ya kukatika. Kisicho na alama ninakiacha mezani kwa muuzaji. Kromu inayong'aa nayo siipendi: chuma kigumu kikipakwa kromu bila kuokwa vizuri baadaye, haidrojeni hubaki ndani na kukifanya kivunjike ghafla. Zinki iliyofifia inanitosha kabisa.

Urefu hesabu kwa mizunguko. Boliti ya M12 x 1.5 izunguke walau mara 8 kamili kabla bega halijagusa rimu, yaani milimita 12 za meno.

Spesa bora imechongwa kutoka aloi iliyofuliwa, wala si ya kumiminwa. Tundu lake la kati likae sawasawa kwenye habu, milimita 66.6 kwa W123, na upande wa pili iwe na ukingo wake wa kulishika rimu. Spesa nyembamba ya milimita 5 mara nyingi haina ukingo huo, na tena humeza ule wa habu, rimu likabaki halina kinacholiweka katikati. Ilaze juu ya kioo; ikitikisika, irudishe. Zenye matundu marefu ya kukubali magari ya kila aina sizigusi, na kupachika mbili pamoja ni hatari tupu. Ukiweka ya milimita 15, boliti nazo zirefuke milimita 15. Rimu la ET30 (ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) litakuwa kama la ET15, na beringi zitalemewa zaidi.

Sugua kutu ya habu kwa brashi ya waya, usiache rangi kati ya nyuso zinazobanana. Kaza kwa kuvuka upande hadi upande, nyutoni-mita 110 hivi, kisha urudie kupima baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kama tairi yako ya akiba ina rimu la chuma, haitaki boliti ndefu za aloi na spesa. Chuma ni chembamba, ncha zitapenya hadi kwenye viatu vya breki ya mkono ndani ya diski ya nyuma. Boliti 5 fupi zikae kwenye buti pamoja na jeki.