Ufundi wa Kuwakalisha Mbuai Pamoja

Kuchagua samaki mbuai, yaani samaki wanaoishi kwa kuwinda wanyama wengine, na kuwakalisha pamoja katika tangi dogo la kioo nyumbani, ni ufundi ambao bado haujapewa heshima unayostahili, kwa kuwa mgeni anayelitazama tangi huona samaki wametulia na hawezi kukisia ni maamuzi mangapi yaliyoutangulia utulivu huo. Wengi hudhani kwamba siri ni kutafuta samaki wapole. Miongoni mwa mbuai mpole hayupo, na fundi anayeijua kazi yake hapotezi muda kumtafuta. Huwatafuta samaki wasioweza kumezana na wasiogombea makao yaleyale, na katika kupima mambo hayo mawili, kinywa na makao, ndimo ustadi wake wote unamojitokeza.

Hakuna maji yanayofundisha jambo hili vizuri kuliko Ziwa Tanganyika, ambalo lina kina cha mita 1,470 hivi na limegawanywa baina ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Humo mna spishi zipatazo 250 za siklidi, ukoo uleule wa sato na perege, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Katika ukoo huo yumo kuhe, Boulengerochromis microlepis, ambaye wavuvi wa Kigoma wanamfahamu vyema na ambaye urefu wake hupita nusu mita, na yumo pia Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake halifikii sentimita 5. Wote wawili huwinda, ila wa kwanza hufukuzia samaki wenziwe katika maji ya wazi, na wa pili hudokoa vijidudu vya majini, mithili ya uduvi mdogo mno, vinavyopita mbele ya mlango wake. Tangi linalomtosheleza wa pili na jamaa zake wote halimpi wa kwanza hata nafasi ya kugeuka.

Kinywa ndicho kinachowapotosha wanunuzi wengi, kwa sababu samaki huuzwa akiwa mdogo na hupimwa kwa jicho siku hiyohiyo. Mfano bora ni Altolamprologus compressiceps, aliyeelezwa kisayansi mara ya kwanza na George Albert Boulenger mwaka 1898, samaki mwenye mwili uliobanwa ubavuni hata akitazamwa kwa mbele huonekana kama ukingo tu. Umbo hilo ndilo silaha yake. Husogea polepole kando ya jiwe, akajilaza kiubavu, akautia mwili wake katika ufa ambao samaki mwingine wa kimo chake hawezi kuuingia, kisha kinywa hufyatuka mbele ghafla na kumfyonza kamba mdogo, au yai, au kifaranga cha samaki kilichojificha humo. Akishambuliwa hakimbii sana. Huupinda mwili na kumwelekezea adui magamba yake magumu na miiba ya mapezi. Anaponunuliwa huwa na sentimita 4 au 5, na kwa kuwa hukua taratibu sana, mwenye tangi huweza kuishi naye muda mrefu akiamini kwamba amepata jirani mwema wa samaki wadogo. Dume aliyekomaa hufikia sentimita 13 hivi, na kufikia hapo vifaranga vya majirani wote huwa chakula chake. Kwa hiyo fundi humpima samaki kwa kinywa atakachokuwa nacho utu uzimani.

Makao ni elimu pana zaidi, na pengine ndiyo inayoupa ufundi huu uzuri wake. Sehemu za sakafu ya ziwa zimetandazwa makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, na siklidi wadogo kadhaa wameyafanya nyumba za kulala, kutagia na kukimbilia hatari. Lamprologus ocellatus, mwenye urefu wa sentimita 6 au pungufu, hulichimbia kombe lake: huchota mchanga kwa kinywa kutoka chini yake, akautema pembeni, akarudi tena na tena mpaka kombe likazama na kubaki tundu tu usawa wa mchanga, kisha akaufunika mgongo wa kombe hilo kwa mchanga mwingine. N. multifasciatus, ambaye huishi kwa makundi, hufanya kinyume chake, kwani huuondoa mchanga ili makombe mengi yabaki wazi shimoni. Ukiwaweka wote wawili katika tangi la urefu wa sentimita 60, mmoja atafukia na mwingine atafukua, na vita vyao havitakwisha, ingawa hakuna anayeweza kummeza mwenziwe. Hapo kinywa kimepita mtihani na makao yameanguka.

Suluhisho la fundi ni kuwagawia samaki nchi mbili. Katika tangi la sentimita 80, lenye lita 110 hivi, upande mmoja huwekwa mchanga na makombe kwa jozi ya ocellatus, na upande wa pili hurundikwa mawe yenye nyufa kwa jozi ya Julidochromis transcriptus, samaki mwembamba ambaye hauachi mwamba wake kwa urahisi. Baina yao hubaki uwanja mtupu unaowaonyesha wote mpaka ulipo. Mawe hayo yakishapangwa yaachwe, kwani watunzaji wengi wameshuhudia jozi za Julidochromis zilizopatana zikivunjika na hata kuuana baada ya mwamba wao kupanguliwa. Anayetamani umbo la compressiceps katika nafasi ndogo anaweza kutafuta aina ndogo ya jenasi hiyohiyo inayotoka Sumbu, nchini Zambia, ambayo nayo huingia ndani ya makombe.

Wapo wasiofaa kabisa, hata wakiwa wadogo. Perissodus microlepis huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki hai, na kinywa chake kimepinda kuelekea kulia au kushoto ili kilifikie windo kutoka ubavu mmoja, jambo ambalo Michio Hori alilieleza mwaka 1993 katika utafiti unaostahili kusomwa na kila apendaye viumbe. Ziwani ni ajabu ya maumbile. Tangini, ambako windo halina pa kukimbilia, ni mateso.

Maji nayo hayasamehe uzembe. Kipimo cha pH cha ziwa hili hukaribia 9, yaani maji yake ni ya alkali, na katika maji ya namna hiyo amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula huwa kali zaidi: kwenye pH 7 na nyuzijoto 25, sehemu yenye sumu haifikii asilimia 1 ya amonia yote, ilhali kwenye pH 9 huzidi theluthi. Mbuai hula protini nyingi, hivyo huzalisha amonia nyingi. Ndiyo maana chujio huwashwa wiki kadhaa kabla ya samaki kuingia, ili bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati wapate kuongezeka. Chakula kiwe uduvi na kamba wadogo waliogandishwa. Nyama ya ng'ombe huwasumbua tumbo, na samaki hai wa kulishia huleta maradhi.

Mwenye tangi la sentimita 60 na achague spishi moja tu ya wakaa makombe, aipe makombe mengi kuliko idadi ya samaki, na asiongeze mwingine yeyote, hata muuzaji amsifie vipi.