Redio ni ya Nani?

Wako watu wasemao kwamba redio ni duka: mwenye mali auze, mwenye haja anunue. Wengine husema ni kisima cha kijiji. Shindano hili ni la zamani. Mwaka 1922 redio WEAF ya New York iliuza nafasi ya kusema kwa kampuni ya nyumba. Mwaka huo huo Waingereza walianza BBC, nayo tangu 1927 ni shirika la watu wote.

Kwetu Kongo redio ya Mobutu ilijiita Sauti ya Zaire, lakini sauti ilikuwa ya mtu mmoja. Katika televisheni, kabla ya habari, uso wake ulishuka kutoka mawinguni. Sisi Wakristo twajua ni nani tunayemngoja kwa namna hiyo. Basi, sheria ya mwaka 1996 ilipotambua redio za watu binafsi, wengi walifurahi, tena kwa haki.

Lakini sisi wa Masisi twakaa karibu mno na Rwanda hata tuamini kwamba duka peke yake latosha. RTLM, iliyoanza kusema mwaka 1993, ilikuwa kampuni yenye wanahisa. Watu waliipenda kwa nyimbo na mizaha. Mwaka 1994 ikataja majina ya watu wa kuuawa. Wala redio ya serikali haikuwa safi. Machi 1992 Redio Rwanda ilisoma tangazo la uongo, na watu wakauawa Bugesera. Mkubwa wa ofisi iliyoisimamia alikuwa Ferdinand Nahimana, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Mtu ni yule yule, amebadili mlango tu. Kwa hiyo kuuliza kama redio ni ya serikali au ya mfanyabiashara hakutoshi. Yafaa kuuliza ni nani awezaye kumwambia mtangazaji, “Sema hivi,” naye akatii.

Kwa kipimo hicho Redio Okapi yastahili sifa. Ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika kwa vita, kazi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Mtu wa Kinshasa na mtu wa Kivu, waliotengwa na askari, walisikia habari moja. Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wawili watangazaji wake, waliuawa Bukavu.

Hata hivyo ina kasoro. Mazungumzo yake makubwa, kama “Dialogue entre Congolais”, ni ya Kifaransa. Mama aliye shambani husikia majina ya wakubwa, asipate hoja zao. Tena anayelipa ni mgeni. Hirondelle iliacha kazi hiyo mwaka 2014. Mgeni akifunga mizigo yake, nani atanunua mafuta ya jenereta?

Redio zetu ndogo hujibu kwa kuuza. Mjane hulipia tangazo la msiba, na mheshimiwa humpa mwandishi ile pesa iitwayo coupage, naye husifiwa jioni. Simlaumu sana kijana asiye na mshahara. Ningependa kila jumuiya itoe kidogo kwa mwezi, kamati ichaguliwe na wasikilizaji, matangazo ya msiba yasomwe bure, na hesabu zote zisomwe katika redio ile ile, kwa Kiswahili, saa ambayo watu wamerudi kutoka shambani.