Mhusika Anayemeza Dawa

Ukitaka kujua vijana wengi wa rika langu walijifunzia wapi habari za UKIMWI, usianzie hospitali. Anzia darasani, sekondari, kwenye tamthiliya mbili: Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation na Orodha ya Steve Reynolds. Kisha pita mtaani, Temeke au Kinondoni, usikie fulani akisemwa kuwa ana "ngoma" au "amekanyaga miwaya". Malizia na Starehe, wimbo wa Ferooz akimshirikisha Professor Jay, ambamo mgonjwa anajutia maisha aliyoyaishi. Kitabu, mtaa na wimbo vinatoa somo moja: ukiupata, umekwisha.

Somo hilo lilikuwa na ukweli wake. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na huko watu waliuita ugonjwa "Juliana", jina la nguo zilizovushwa mpakani kwa magendo. Kilio Chetu ni ya katikati ya miaka ya 1990, wakati ambapo kuugua na kufa vilifuatana. Joti anakufa. Anna anabaki na mimba na virusi. Wakubwa wanabishana kama watoto waelezwe habari za ngono au wafichwe. Kama onyo, tamthiliya ile ilifanya kazi yake.

Lakini tiba ilisonga mbele, sisi tukabaki na kitabu kilekile. Mwaka 1996 ilidhihirika kuwa dawa tatu zikitumiwa kwa pamoja zinazuia virusi visizaliane. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza mpango wa kutoa dawa hizo bure. Leo mtu anayemeza dawa kila siku, virusi vikapungua hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Darasani kwetu tuliandika "dhamira: UKIMWI", tukatoa mfano wa kifo, tukapewa alama.

Lugha ya kliniki ilikuwa na mwendo zaidi kuliko fasihi yetu. Zamani tulisikia "waathirika". Sasa tunasikia "watu wanaoishi na VVU", na kitenzi ni kuishi. Zamani dawa zilikuwa za "kupunguza makali". Sasa ni za "kufubaza" virusi, neno tulilozoea kulisikia kwa ngozi iliyopoteza mng'ao. Hata hivyo mtaani bado VVU na UKIMWI ni kitu kimoja, wakati kimoja ni virusi na kingine ni hali ya kinga kushuka mno. Kuna watu wenye VVU ambao hawatafika kwenye UKIMWI kamwe, mradi dawa isikatike.

Kati ya tamthiliya zile mbili, Orodha imezeeka vizuri zaidi. Furaha amekufa na ameacha barua yenye orodha. Wanaume waliomjua wanatetemeka wakidhani ni majina yao. Kumbe ni orodha ya mambo ambayo yangemwokoa. Reynolds aliona kwamba Furaha aliuawa na virusi pamoja na kimya cha watu waliomzunguka. Hilo halijapitwa na wakati. Wapo watu wanaotia pamba kwenye kopo la dawa ili vidonge visilie wakiwa kwenye daladala. Dawa ni bure. Kinachowagharimu ni ule mlio.

Ndiyo maana kukosoa vitabu hivi si ukorofi wa mwanafunzi wa uzamili. Kijana wa Mbagala anayepima leo na kukutwa na virusi anaingia chumba cha ushauri akiwa na Joti na Furaha kichwani. Mshauri anamwambia utaishi. Fasihi aliyofaulia mtihani inamwambia utazikwa. Mtu anayeamini ameshakufa haoni sababu ya kurudi kuchukua dawa mwezi ujao.

Tunahitaji mhusika mwingine: anayemeza kidonge saa tatu usiku, anayegombana na mwenye nyumba kuhusu kodi, anayezaa mtoto asiye na virusi, anayechosha watu kwa ushabiki wa Simba. Mhusika ambaye, pazia likifungwa, ana miaka 60 na anaumwa magoti.