Taarabu Isiyotunzwa

Mwaka 1987 watu wa makampuni ya rekodi walikutana kwenye baa moja London, wakakubaliana jina la kubandika kwenye rafu za maduka: "muziki wa dunia". Jina likauza. Kora ya Mali, kawali ya Pakistan na taarabu ya Unguja zikatiwa kapu moja, na hadi leo kumbi kubwa za Ulaya hupanga misimu yao kwa kapu hilohilo.

Sina ugomvi na kumbi hizo. Culture Musical Club, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa 1958, kimepanda majukwaa ya Ulaya. Bi Kidude naye alipanda, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Alistahili. Halafu tuseme ukweli: ukumbi uliojengwa kwa ajili ya sikio unakupa kanuni uzi kwa uzi, kitu ambacho spika zetu za harusini hazikupi.

Lakini niliwahi kuketi kwenye ukumbi mmoja wa aina hiyo, hukohuko Ulaya, nikatoka na njaa. Bashrafu ilipigwa vizuri mno. Mwimbaji akaingia. Ubeti wa pili ukaja na fumbo zito, lile ambalo nyumbani lingemnyanyua mama mmoja kitini, atembee taratibu kwa madaha, noti mkononi, akamtunze mwimbaji, huku wenzake wakiulizana: hapo kakusudiwa nani? Pale hakunyanyuka mtu. Walisubiri wimbo uishe, ndipo wakapiga makofi. Kwa adabu kabisa.

Hoja yangu iko hapo. Shairi la taarabu hukamilishwa na msikilizaji. Anayetunza anasema bila kufungua mdomo: ubeti huu ni wangu, na wewe fulani umeusikia. Ukiondoa mwendo ule, fumbo linabaki maneno matamu tu. Kijitabu tulichogawiwa mlangoni kilieleza kwamba wimbo unahusu mapenzi. Sawa, ila mapenzi ya nani, na nani anayesutwa?

Mimi mwenyewe nilikuwa na noti mfukoni. Nikawatazama majirani zangu walivyotulia, nikaona haya, nikabaki kitini. Yaani mtu aliyejua la kufanya naye alinyamaza kama wengine. Basi lawama hii siwezi kuubebesha ukumbi peke yake.